Naomba msaada: programu yangu ya kutafuta jina la IP inaganda, na imepitisha tapeli

Wakuu, habari za jioni. Nimeandika programu ndogo ya Python inayosoma logi za seva, inachukua kila IP na kuitafutia jina. Nataka kuwazuia wanaojifanya roboti wa Google huku wakikomba kurasa zangu usiku kucha. Anwani 500 tu zinachukua karibu saa nzima. Kibaya zaidi, jana imemruhusu mtu ambaye si Google kabisa. Sehemu yenyewe ni hii:

jina = socket.gethostbyaddr(ip)[0]
if "googlebot.com" in jina: ruhusu(ip)

Nakosea wapi? Natanguliza shukrani.

Fundi_Waya: Mkuu, anza na huyo tapeli. Rekodi ya PTR (inayosema IP fulani ina jina gani) huandikwa na anayesimamia IP, siyo mwenye domeni. Mimi nikikabidhiwa kanda yangu ya in-addr.arpa, yaani sehemu ya DNS (mfumo wa majina ya mtandao) inayotunza majina ya IP zangu, naandika humo jina lolote nitakalo, hata la Google, na DNS hainiulizi. Kwa hiyo jina ulilopata ni madai tu. Lirudishe: uliza rekodi za A na AAAA (zinazotoa IPv4 na IPv6) za jina hilo, uone kama IP uliyoanza nayo imo. 66.249.66.1 inatoa crawl-66-249-66-1.googlebot.com, na jina hilo linarudi palepale. Tapeli hawezi hatua hii ya pili, maana kanda ya googlebot.com haiko mikononi mwake.

Halafu hiyo "in" iondoe leo leo. Inapitisha hata googlebot.com.tapeli.example. Tumia endswith(".googlebot.com"), na nukta ya mwanzo usiisahau.

BintiSeva: Kuganda kunatokana na kusubiri. Linux kwa kawaida husubiri sekunde 5 na kujaribu mara 2, na IP nyingi kanda zao hazijibu kabisa. setdefaulttimeout haitakusaidia, kwa sababu gethostbyaddr inaachia kazi mfumo wenyewe. Hamia dnspython, maktaba ya Python ya kuuliza DNS: resolve_address(ip, lifetime=2). Hifadhi majibu, IP ileile usiiulize mara mia.

Tenganisha pia majibu ya NXDOMAIN na muda kuisha. La kwanza maana yake jina halipo; la pili hujajua bado, basi usimfungie mtu moja kwa moja.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Nimehamia dnspython, kasi ipo, ila sasa hata Google wa kweli anakataliwa!

BintiSeva: Chapisha jina kwa repr() uliangalie mwisho wake. Lina nukta, "googlebot.com.", ndiyo maana endswith inagoma. Weka rstrip(".") kwanza.

Mwenye uzi: Kweli, nukta ilikuwepo! Na IPv6 je? Nilikuwa naigeuza anwani kinyumenyume kwa split(":") ili niulize jina lake.

Fundi_Waya: Acha hiyo. Chini ya ip6.arpa (kanda ya majina ya IPv6, kama in-addr.arpa kwa IPv4) zinatakiwa tarakimu zote 32, hata sifuri zilizofupishwa kwa "::". Hiyo resolve_address inageuza yenyewe. Ukitaka kuliona jina lililogeuzwa, ipaddress.ip_address(ip).reverse_pointer.