Mjadala: Msaada maalumu kwa baadhi ya wanafunzi wa vyuo vikuu ni haki au ni upendeleo?

Mleta mada (mwalimu mstaafu, Mtwara Mjini)

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa kuwa linawagusa watoto wetu moja kwa moja. Je, chuo kikuu kiwe na wajibu wa kuwapa msaada wa pekee wanafunzi wenye ulemavu, mabinti wanaosoma huku wakilea, na vijana waliotoka katika shule zisizo na walimu wa kutosha, au wakishavuka lango la chuo wote wahesabiwe sawa na kila mmoja ajitegemee? Katika kikao cha wazazi nilichohudhuria hivi karibuni, mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema kwamba hata Marekani wameachana na mambo hayo, sasa sisi tunayang'ang'ania ya nini. Alipigiwa makofi, muda ukaisha, nami sikupata nafasi ya kumjibu.

Nianze na nilichokiona kwa macho yangu. Nilimfundisha binti mmoja mwenye ualbino na uoni hafifu, akafaulu vizuri kidato cha sita, akapata nafasi chuoni, nami nikaenda kumjulia hali katika wiki ya majaribio yake ya kwanza. Jioni alinionyesha karatasi ya maswali. Maswali matano yalikuwa yamebanwa kwenye ukurasa mmoja kwa herufi ndogo ambazo mimi mwenyewe nilizisoma kwa miwani. Yeye alizisoma kwa kuiinua karatasi mpaka ikamgusa pua, akiifuata mistari kwa ncha ya kalamu, na pembeni mwa maandishi kulikuwa na vijistari vya wino kila mahali kalamu ilipoteleza. Alijibu maswali matatu. Mawili yaliyobaki hakuyafikia. Alipokuwa ameomba aongezewe muda, aliambiwa kwamba mambo hayo ni ya sekondari.

Kauli hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi, kwa sababu ni kweli kwamba sekondari alikuwa akipewa. Baraza la Mitihani huwaandalia watahiniwa wenye uoni hafifu karatasi za maandishi makubwa, na huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Alama zilizompeleka chuoni alizipata kwa utaratibu huo, na hakuna aliyewahi kusema kuwa alipendelewa. Macho yake hayakupona siku aliyosajiliwa mwaka wa kwanza.

Kuhusu Marekani, naomba tusichanganye mambo mawili. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo wa Juni 2023, katika kesi iliyovihusu vyuo vikuu vya Harvard na North Carolina, ulihusu kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo cha kumpa nafasi ya kudahiliwa. Amri alizotia saini Rais Trump Januari 2025 zililenga mipango na ofisi za kile wanachokiita utofauti, usawa na ujumuishi. Hata hivyo, sheria yao ya mwaka 1990 inayowalinda watu wenye ulemavu ipo palepale, na mwanafunzi kipofu wa huko bado anayo haki ya kudai maandishi ya nukta nundu. Aidha, ugomvi wao umetokana na historia yao ya utumwa na ubaguzi wa rangi, na sisi tunayo historia yetu.

Ya kwetu sisi watu wa kusini haihitaji kutafutwa mbali. Katika miaka ya 1970 Serikali iligawa nafasi za sekondari kwa mikoa, kwa sababu mikoa iliyotangulia kupata shule nyingi za misheni ingezichukua karibu zote kama kigezo kingekuwa alama peke yake. Mimi ni mmoja wa waliochaguliwa enzi hizo. Sikufanyiwa mtihani na mtu mwingine, wala sikuongezewa alama darasani, ila nilifunguliwa mlango. Ninachokitetea leo ni kidogo kuliko hicho: mtihani uwe uleule, usahihishaji uwe uleule, lakini mwanafunzi aweze kuusoma mtihani wenyewe na kukifikia chumba unakofanyiwa.

Mchangiaji (Newala)

Shikamoo Mwalimu. Naomba nitofautiane nawe kwa heshima zote, ingawa kisa cha huyo binti kimenichoma na sina neno la kukipinga.

Katiba yetu, ibara ya 11, inasema raia yuko huru kutafuta elimu hadi kufikia upeo wowote "kulingana na stahili na uwezo wake". Hofu yangu ni kwamba tukianza kuwapanga wanafunzi kwa makundi, stahili itapimwa kwa kundi alimo mtu na siyo kwa hali yake halisi. Mimi ni mtoto wa mkulima wa korosho. Si yatima, sina ulemavu, ni mwanamume, na kaya yetu haikuwa kwenye orodha ya TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, kwa sababu tulikuwa na mikorosho. Katika kila fomu ya mkopo au ya ufadhili niliyojaza, sikupata kisanduku cha kutia alama. Muhula wa kwanza baba alilipa ada bila shida, kwa kuwa minada ilikuwa imefanyika na fedha zimeingia. Ilipofika Machi fedha za korosho zilikuwa zimekwisha, msimu mwingine uko mbali, na mimi nikakaa nje ya ukumbi wa mtihani huku wenzangu wakiingia, kwa sababu jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wadaiwa. Lile somo nililifanya mwaka uliofuata.

Mwalimu, mimi nilikuwa katika kundi gani? Ndiyo maana nasema bora chuo kiwe na kanuni moja kwa wote, iliyo nafuu kwa wote, kuliko misaada mingi yenye majina mazuri ambayo huwaacha nje watu ambao hakuna aliyewafikiria.

Mchangiaji (mzazi, Nachingwea)

Naongeza dogo tu. Mwanangu hasikii vizuri na anatumia shimesikio, yaani kifaa cha kumsaidia kusikia. Chuoni kwao sera ipo, imechapishwa, hata ofisi inayohusika ipo. Lakini kila muhula anatakiwa kuthibitisha upya kwamba hasikii, anatoka dirisha hili anatumwa lile, na kwa mhadhiri mmoja alilazimika kuvua kifaa akionyeshe mbele ya darasa. Muhula wa tatu aliacha kuomba. Sasa anakaa mstari wa mbele na kunakili kwa jirani yake. Ninyi mnabishana kama msaada uwepo au usiwepo, na mimi nasema hata pale ulipo unatolewa kama sadaka.

Mleta mada

Marahaba mwanangu wa Newala. Nimekusoma mara mbili, na nakubali kwamba katika maneno yangu ya mwanzo sikukuona. Nilihesabu makundi kama fomu zinavyoyahesabu. Kijana aliyefungiwa nje ya mtihani Machi kwa sababu korosho huuzwa kuanzia Oktoba amekwama kwenye kizuizi sawasawa na yule aliyekwamishwa na herufi ndogo, na chuo kinachopokea watoto wa Newala, Tandahimba na Masasi kinajua msimu wa korosho kama mzazi anavyoujua. Kuwaruhusu wazazi hao kulipa sehemu kubwa ya ada ya mwaka wakati wa minada na kiasi kidogo mwezi Machi ni suala la kalenda ya mhasibu, na hakukipunguzii chuo hata shilingi.

Lakini sikufuati unapohitimisha kwamba kanuni moja kwa wote ndiyo dawa, kwa maana kanuni iliyokufungia nje ilikuwa ni hiyohiyo moja kwa wote. Na ukiendelea kuisoma Katiba kutoka ibara ya 11 utafika ya 13, ambayo katika fasili yake ya 5 inaeleza maana ya kubagua, kisha inatamka kwamba neno hilo lisifafanuliwe kwa namna ya kuizuia Serikali kuchukua hatua za makusudi za kurekebisha matatizo katika jamii. Katiba inayotaja stahili ndiyo hiyohiyo inayotaja na hatua za makusudi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imejengwa juu ya msingi huo. Nakubali hata hivyo kwamba msaada ufuate kizuizi alichokutana nacho mtu, ili fomu iulize "nini kinakuzuia kusoma?" kabla ya kuuliza "wewe ni wa kundi gani?".

Kwako ndugu yangu wa Nachingwea, pole, na pole zaidi kwa kijana. Umelisema vizuri kuliko mimi. Mwanafunzi aeleze hali yake mara moja tu, siku ya usajili, kwa faragha, na taarifa iende kwa wahadhiri wake ikiwa maelekezo ya kutekelezwa, bila yeye kwenda kumbembeleza kila mmoja. Namkumbuka kijana mwingine wa kitimwendo ambaye wenzake walimbeba hadi ghorofa ya pili kwa muhula mzima, wawili wakishika magurudumu na mmoja mgongo, mpaka mhadhiri mmoja alipouliza kwa nini kipindi kile kisihamishiwe chumba cha chini. Kilihamishwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo nawaomba wachangiaji wengine tushuke kwenye jambo moja lililo karibu. Lindi imepangiwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chini ya HEET, mradi wa Serikali wa kuendeleza elimu ya juu, unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 kwa vyuo mbalimbali nchini. Kuweka njia ya mteremko, vyoo vipana na taa za kutosha wakati jengo linachorwa ni rahisi kuliko kuja kubomoa kuta baadaye. Walio Lindi, hasa mnaoingia kwenye vikao vya manispaa, mmeiona michoro? Ina njia za kitimwendo, na ni majengo yote au ni la utawala peke yake?