Tupeane uzoefu: Ulikwamaje kituo cha kupigia kura kwa ajili ya kadi ya mpiga kura, jina au kitambulisho? (Wa Tanga njooni)

Mwana wa Ngamiani: Wakuu, barazani kumezuka ubishi. Asiye na kitambulisho arudishwe nyumbani hata kama mtaa mzima unamjua? Mzee mmoja kasema ndiyo, wizi wa kura utakwisha. Mwenzie nusura ammwagie kahawa. Leteni yaliyowakuta.

Binti Mwambani: Umenikumbusha 2020. Mama alipoteza kadi. Tume ya Uchaguzi ilishatangaza kwamba aliyepoteza atumie kitambulisho cha Taifa, leseni ya udereva au pasi ya kusafiria, mradi majina yafanane na ya daftari la wapiga kura. Kwenye hilo "yafanane" ndipo tulipozama. Daftarini ni Mwanahamisi, NIDA, watoa vitambulisho vya Taifa, wakamwandika Mwanahamis. Wakala mmoja wa chama akang'ang'ania si mtu yule. Wakala mwingine kasoma madrasa kwa mama, amechapwa naye, anaapa kwa Mungu ndiye. Jua linawaka, mama kasimama na goti lake bovu. Akaambiwa alete mtu wa kumthibitisha. Akawajibu, "Mwanangu, walioniona nikizaliwa nimewazika wote." Nililia mbele za watu. Tukaenda kuswali adhuhuri, tuliporudi karani ni mwingine, akatazama picha, akampa karatasi bila neno.

Yakhe wa Sahare: Pole dada. Herufi moja tu!

Bodaboda Pongwe: Kadi yangu mimi ninayo, ila iko kwa tajiri wa mikopo. Nimeiweka rehani.

Shangazi Makorora: Bodaboda, huna haya.

Kimya Kingi: Hili sijawahi kulisema. 2015, kadi mpya ya BVR, ile ya kuandikishwa kwa alama za vidole na picha, nimefika alasiri. Karani akashusha rula hadi kwenye jina langu, akanyamaza. Limeshawekewa alama. "Umeshapiga." Nikamnyooshea vidole vyote, havina tone la wino. Picha yangu ile pale daftarini inanikodolea macho! Msimamizi akasema nisizuie foleni.

Yakhe wa Sahare: Kituo gani? Taja!

Kimya Kingi: Sitaji.

Mchokozi Chumbageni: Basi hadithi ya kutunga.

Shangazi Makorora: Acha ubishi wewe. Karani huweza kuteleza akatia alama mstari wa jirani. Au kuna aliyepiga kura kwa jina lake. Sote hatukuwepo.

Mwana wa Ngamiani: Tazameni lakini: kadi anayo, sura ni yake, wino hana. Sheria kali ya kitambulisho ingemfaa nini? Aliyekosea, au aliyeiba, alikaa upande wa pili wa meza.

Mchokozi Chumbageni: Kwa hiyo kila mtu aingie tu kama harusini? Wazungu wenyewe wanadai vitambulisho.

Mjomba Ughaibuni: Niko Uingereza. Zamani ulitaja jina na anwani tu. Kuanzia Mei 2023, chaguzi za mitaa za England zikaanza kudai kitambulisho chenye picha. Kadi ya basi ya mzee inakubaliwa, ya mwanafunzi haikubaliwi. Vijana wananuna. Ila asiye nacho hupewa hati maalumu bure. Marekani nako, jimbo la Indiana lilitunga sheria yake 2005, Mahakama ya Juu ikaipitisha 2008 kwa majaji 6 dhidi ya 3, ingawa ushahidi wa mtu kujifanya mwingine kituoni Indiana haukuonyeshwa hata mmoja.

Mchokozi Chumbageni: Hajakamatwa si kwamba hayupo.

Fundi Duga: Mnasahau uchaguzi wa serikali za mitaa. Novemba 2024 nimekwenda kifua mbele na kadi yangu, kumbe orodha ya mtaa ni nyingine, watu walijiandikisha Oktoba. Kadi nikajipepea nayo.

Binti Mwambani: Ushauri: kagueni majina yakibandikwa, msisubiri siku yenyewe. Na nendeni alfajiri.

Yakhe wa Sahare: Alfajiri foleni. Nenda saa tisa.

Shangazi Makorora: Saa tisa ukute alama kama Kimya?

Bodaboda Pongwe: Jamani, nani ana elfu ishirini nikakomboe kadi?