Kuotesha mchungwa, mndimu na mfurungu kwa mbegu, upande wa maweni

Nuru_Jambiani
Assalamu alaykum. Nataka kuotesha kwa mbegu michungwa, mindimu na mfurungu mmoja uani hapa Jambiani. Ardhi ni mawe matupu, udongo mwekundu umo kwenye mashimo ya mawe tu, na maji ni ya kisima, yana munyu kidogo. Mbegu zikaushwe kwanza? Matunda yatakuwa kama ya mti wenyewe? Na kwa nini miche ya huku ikifika kimo cha shubiri hugeuka njano? Nimeshauriwa nioteshee kwenye usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, maana huku ni mwingi.

mkulima_dole
Waalaykum salaam. Usikaushe. Hizi si kama kunde; mbegu ya chungwa ikikauka kiini chake hufa. Kata tunda lililoivia mtini, toa mbegu zilizojaa, zitie kwenye bakuli la maji na zinazoelea uziache. Zilizozama zisugue kwa kitambaa mpaka utelezi uishe, maana utelezi ule ndio unaoita ukungu, kisha panda siku hiyo hiyo. Ukilazimika kusubiri, zifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu, utie mfukoni, uweke friji upande wa chini, siyo kwenye barafu.

Ukitaka ziwahi, menya ganda la nje kwa kucha. Anzia upande ulio butu, kwani mzizi hutokea kwenye ncha na ukianzia huko utauvunja. Ngozi nyembamba ya ndani iache. Zilizomenywa huota kwa wiki moja hadi mbili. Zisizomenywa, tatu hadi nne.

Kina ni sentimita 1 hadi 1.5, lakini chombo kiwe kirefu, kisipungue sentimita 20, na kitobolewe chini. Mzizi mkuu hushuka kabla jani halijakunjuka. Ukikuta kizuizi hujikunja, na mti wenye mzizi uliokunjika hudumaa hata uumwagie mbolea ya aina gani. Changanya udongo mweusi sehemu 2, samadi iliyooza sawasawa sehemu 1, mchanga sehemu 1. Mchanga usiwe wa pwani: una chumvi, tena umejaa vipande vya makombe, ambavyo ni chokaa.

Jichunge na kinyausi. Mche hunywea shingoni, pale unapogusana na udongo, shingo hugeuka kahawia, mche ukalala. Ukishaanguka hauinuki. Huletwa na maji mengi na kivuli kizito, kwa hiyo mwagilia asubuhi, na uso wa udongo ukishakauka tu. Kuti moja la mnazi juu ya vijiti, mwanga ukipenya, latosha.

Mndimu_Wete
Naongezea hapo kwenye kufanana na mama. Mbegu moja ya ndimu au ya chungwa mara nyingi hutoa miche miwili au mitatu, na machenza mengi ni hivyo hivyo. Ndani mna viini kadhaa, na vingi vimetokana na mama peke yake bila chavua, kwa hiyo tunda lao ni lile lile la mama. Kile cha mchanganyiko wa mama na chavua mara nyingi ndicho kinachotoa mche dhaifu. Bakisha ulionenepa, ng'oa uliokonda, na ng'oa pia wowote wenye majani yasiyofanana na ya wenzake.

Mfurungu haumo katika hesabu hiyo. Mbegu yake ina kiini kimoja, nacho ni cha mchanganyiko. Furungu tamu la jirani laweza kukupa mti wa matunda machungu, na utalijua hilo baada ya miaka. Huo tafuta uliobebeshwa, yaani wenye jicho la mti mzuri lililobandikwa kwenye shina la mwingine.

Mndimu wa mbegu huzaa kwa miaka 3 hadi 6, mchungwa 7 hadi 10. Miba mirefu ya mwanzo ni ya utoto. Usiukate kilele ukidhani unauharakisha, kwani matawi ya juu ndiyo yanayokomaa kwanza. Kuyakata ni kuurudisha nyuma.

Usiyeweza kusubiri, otesha mlimau wa kienyeji, ule wa ganda la mabonde-mabonde. Shina likifika unene wa penseli, bandika jicho la mchungwa unaouamini, sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini. Wapo wanaopendelea mdanzi, yaani mchungwa mchungu, kwa sababu unastahimili chokaa, na kweli unastahimili, ila mchungwa uliobebeshwa juu ya mdanzi huuawa na virusi vya tristeza vinavyosambazwa na vidukari. Mlimau huvivumilia. Adui yake ni maji yanayotuama, na maweni hayatuami.

kitalu_kati
Tusiuruke usumba, ndugu zangu. Usumba wa huko hutoka kwenye makumbi yaliyofukiwa pwani miezi kadhaa, umeshiba maji ya bahari. Uloweke kwenye maji matamu, ukamue, uyamwage, urudie mpaka maji ya kukamua ukiyaonja hayana munyu. Mchungwa hauwezi chumvi kabisa.

Bi Nuru, kabla ya dawa yoyote angalia njano inaanzia wapi. Ncha za majani zikiungua na kuwa kahawia, kisha majani yakapukutika, ni chumvi: kinga maji ya mvua batini, ya kisima yaache. Majani machanga ya juu yakiwa njano na mishipa imebaki kijani, ni chokaa; madini ya chuma yamo ardhini lakini yamefungwa. Majani ya zamani ya chini yakiwa njano jani zima, ni njaa ya naitrojeni, na hapo samadi inatibu.

Kwa ile ya chokaa, omba duka la pembejeo chuma ya aina ya EDDHA, ile iliyotengenezwa isifungwe na chokaa. Salfeti ya chuma ikimwagwa kwenye udongo wa maweni nayo hufungwa. Na majivu ya jikoni usitie, maana yanaongeza ubaya ule ule.

Shimo chimba kwa mtaimbo sentimita 60 kila upande, toa mawe, jaza udongo wa kuletwa na madebe mawili ya samadi iliyooza. Panda masika yakianza.

Nuru_Jambiani
Ahsanteni sana. Na vile viwavi vinavyofanana na kinyesi cha ndege?

Mndimu_Wete
Hao ni watoto wa kipepeo. Wakikua huwa kijani, na ukiwagusa hutoa pembe mbili zenye harufu kali. Waokote kwa mkono kila asubuhi, kwani mche mdogo wanaumaliza majani kwa siku chache. Mistari ya kifedha inayojipindapinda juu ya jani ni ya kiwavi mwingine, anayeishi ndani ya jani. Hayo majani usiyakate, bado yanalisha mche. Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, kwenye mti mkubwa waache, wanakula viwavi. Kwenye mche waondoe ukiwaona wanafuga vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu.