Mjadala: Fundi wa kikosi anunue spea Gerezani, au asubiri stoo kuu?

Mleta mada

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Kijiweni kwetu hapa Tabata tumebishana jioni tatu mfululizo juu ya jambo moja. Lori la jeshi limekwama kwa beringi ya tairi la mbele. Beringi hiyo ipo kwenye maduka ya spea ya Gerezani, hapa Dar es Salaam, inauzwa peupe, namba ile ile. Je, kikosi kipewe fedha fundi akainunue asubuhi hiyo hiyo, au maombi yapande ngazi kwa ngazi mpaka stoo kuu ndipo yarudi?

Wengi wanasema akanunue, gari litembee. Mimi pia nasema akanunue, ila nina sharti ambalo siliachii: akirudi, aandike kwenye leja kwamba kipuri kiliombwa na hakikuwepo. Asipoandika, ametengeneza gari moja na kuyakwamisha matano ya mwakani.

Mimi ni mtunza stoo ya spea za malori, mwaka wa 17 sasa. Kampuni niliyoanzia ilikuwa na mafundi hodari kweli. Diaframu ya breki ikipasuka hawakuja dirishani kwangu, maana walijua sina. Walichukua fedha ya matumizi madogo, bodaboda mpaka Mtaa wa Shaurimoyo, saa mbili baadaye gari limeshushwa jeki. Kila mtu akawasifu. Mwisho wa mwaka mkuu wa manunuzi akafungua leja, akakuta diaframu haijaombwa hata mara moja, akaifuta kwenye oda ya nje. Msimu wa korosho ulipofika, malori manne yalilala juu ya mawe, na mjini hapakuwa na diaframu ya saizi ile hata kwa dawa.

Jeshi la Marekani lilikuwa na kanuni inayolieleza jambo hili vizuri. Kwa miaka mingi kila kikosi chao kilikuwa na orodha ya vipuri vya kukaa navyo karibu, na kipuri cha kawaida hakikuingia humo kwa sababu tu kamanda anakitaka. Kilipaswa kuwa kimeombwa mara 3 ndani ya siku 180. Kikishaingia, kiliendelea kuhitaji maombi ili kibaki. Angalieni kinachohesabiwa hapo: ni kuombwa. Ombi lililojibiwa "hakuna" linahesabika sawa na lililopata, na kwangu mimi hilo ndilo lenye thamani zaidi. Fundi anayekimbilia dukani kimya kimya, au anayenyofoa kipuri kwenye gari bovu la jirani bila kuandika, anafuta ombi ambalo lingeleta kipuri.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji wa 1

Mkuu, umekaa stoo muda mrefu mno. Vita haisubiri leja. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, serikali ilichukua hata malori na mabasi ya raia kupeleka askari na chakula mbele. Unadhani kila mkanda uliandikwa? Walitengeneza kwa kilichopatikana, na Aprili 1979 wakaingia Kampala. Fundi aaminiwe, apewe fedha, karatasi zije baadaye.

Mleta mada

Mkuu, wale mafundi nawavulia kofia. Lakini mfano wako unanisaidia mimi. Ukikusanya malori ya watu kwa haraka, umekusanya kila aina, na kila aina ina mkanda wake, filta yake, klachi yake. Hapo usipoandika, wiki ya pili hujui uagize nini. Na hiyo "karatasi zije baadaye" naijua. Pale kwetu hazikuja. Sitaki fomu kumi. Nataka mstari mmoja: namba ya kipuri, namba ya gari, tarehe, kimepatikana wapi.

Mchangiaji wa 2

Mimi niko upande wa stoo kuu, tena bila sharti. Nimeuza spea Gerezani, najua boksi jipya linavyovalishwa beringi ya zamani. Mwaka 2012 kamati ya Seneti ya Marekani inayoshughulikia majeshi ilitoa ripoti: visa vipatavyo 1,800 vya vipuri vya elektroniki vilivyoshukiwa kuwa feki, jumla ya vipuri zaidi ya milioni 1, ndani ya ugavi wa jeshi lao. Hao wana maabara. Fundi wetu aliyesimama kaunta na noti mkononi atajuaje? Halafu kuna siri. Muuza duka akiona kikosi kimoja kinanunua klachi kila wiki, ameshajua magari mangapi hayatembei.

Mchangiaji wa 3

Nyote mmeng'ang'ania magari ya kawaida. Kifaru au ndege utakwenda duka gani? Misri ilipokosana na Wasovieti, ilitaka vipuri vya ndege zake za kivita za MiG kutoka India, iliyokuwa ikiziunda kwa leseni. Wasovieti wakakataa, India nayo ikakataa. Hiyo ni miaka ya 1970. Ndiyo maana mimi natazama Nyumbu, kituo chetu cha teknolojia ya magari pale Kibaha. Karakana ya kuchonga vipuri vyetu wenyewe, na mkataba unaotupa michoro siku ya kununua, vina uzito kuliko ugomvi wa leja.

Mleta mada

Kaka, kwa vifaru na ndege nakubali moja kwa moja. Lakini Nyumbu nao watachonga nini kwanza? Lazima mtu awaambie kipi kinakufa mara nyingi, na hilo linatoka kwenye leja ya kikosi.

Na kwako ndugu wa Gerezani: umenishinda mahali. Beringi ya tairi la mbele niliyoanza nayo ni mfano mbaya, naiondoa. Ikivunjika mwendoni, tairi linaondoka na watu wako nyuma. Breki, usukani, silaha, redio: hivyo visubiri stoo kuu, hata kama gari litalala mwezi. Dukani pabaki mikanda, filta, balbu, mipira ya rejeta. Ila stoo kuu peke yake siikubali. Wajerumani walibana matumizi ya akiba ya vipuri kwa miaka, na mwishoni mwa 2017 nyambizi zao zote 6 za aina ya 212A hazikuwa na hata moja ya kwenda baharini. Moja ilikuwa imegonga mwamba, nyingine zilikuwa kwenye matengenezo au zikisubiri.

Mchangiaji wa 4

Wanangu, mimi nimestaafu ufundi kwenye karakana ya umma. Nimewasoma wote, na hakuna aliyetaja kinachomzuia fundi kuandika. Ukiandika sana unaitwa mwizi.

Nilikuwa na gari lililokula mkanda wa feni kila baada ya wiki chache. Niliandika mikanda 5. Badala ya kuulizwa gari lina nini, niliitwa nieleze mikanda naipeleka wapi. Kuanzia siku ile nilinunua kwa fedha yangu. Leja ikawa safi, mkubwa akaridhika, na puli iliyokuwa imepinda ikaendelea kukata mikanda.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Hili sikuliona, na linagusa sharti langu lenyewe. Nimedai fundi aandike bila kujiuliza kalamu inamgharimu nini.

Basi naongeza. Kipuri kimoja kikiombwa mara 3 kwa gari moja, anayeitwa kwanza awe ni gari: lipandishwe jeki, likaguliwe, matokeo yaandikwe. Fundi ahojiwe tu kama ukaguzi haukupata ubovu. Na anayekagua asiwe yule anayetafuta wezi.

Mchangiaji wa 4

Marahaba mwanangu. Kwa utaratibu huo ningeandika. Ile mikanda 5 niliiandika na namba ya gari ile ile, kwenye ukurasa mmoja. Aliyeniita alikuwa ameushika mkononi.