Kilatini ukubwani: Wheelock, Ørberg au Cambridge?

Mhasibu wa Usiku: Wanajukwaa, nina miaka 46 na muda wangu wa kujisomea ni saa moja tu baada ya watoto kulala. Nataka kujifunza Kilatini bila mwalimu, na papo hapo niyajue maisha ya Warumi. Ninavyo vitabu viwili: cha Wheelock, kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1956, na Familia Romana cha Hans Ørberg. Nianze na kipi?

Mseminari wa Zamani: Wheelock hutanguliza kanuni, kisha hukupa sentensi za waandishi wa kale uzitafsiri. Anamfaa mtu asiyetulia mpaka ajue sababu ya kila kiishio, yaani herufi za mwisho wa neno. Hata hivyo, mimi nililelewa kwa njia hiyo, nikayakariri majedwali yote ya nomino, na bado ukurasa mmoja wa maandishi ya Julius Kaisari ulinichukua juma zima.

Bibi Msomaji: Mimi ningeanza na Ørberg, ambaye tangu sentensi ya kwanza, "Roma in Italia est", hatumii lugha nyingine yoyote, bali ramani na picha. Katika sura ya tatu kaka anamchapa dada yake: "Marcus Iuliam pulsat." Tazama hiyo *m* ya mwisho. Sisi anayepigwa tunamtia ndani ya kitenzi, "anampiga", ilhali Mrumi humtambulisha mwishoni mwa nomino. Kwa hiyo hata ukisema "Iuliam Marcus pulsat", anayelia ni Iulia yuleyule. Nililielewa jambo hilo kwa kusoma kisa cha watoto wanaogombana, kabla sijaona jedwali lolote.

Mpenda Magofu: Mmeisahau kozi ya Cambridge, na kwa mhasibu huo ni usahaulifu mkubwa. Kitabu chake cha kwanza kinahusu nyumba ya Caecilius huko Pompeii, mji wa kale wa Kirumi; huyo ni mtu aliyeishi kweli, ambaye kazi yake ilikuwa kusimamia malipo ya minada. Mwaka 1875 vilichimbuliwa nyumbani kwake vibao vya nta zaidi ya 100, vingi vikiwa stakabadhi zenye mihuri ya mashahidi. Sarufi ya kozi hiyo ni nyepesi mno kwa mtu mzima, nakiri, lakini kwa upande wa maisha ya Warumi inawashinda hao wawili.

Mhasibu wa Usiku: Nawashukuru. Miezi minne imepita: nasoma Ørberg kila usiku, Wheelock namfungua nikikwama tu, na stakabadhi za Caecilius nimeziwekea Jumapili. Juzi nimefika sura ya 13, inayohusu mwaka na miezi, nikakuta kwamba Warumi walihesabu saa za mchana kuanzia jua linapochomoza, hivyo *hora sexta* ni adhuhuri. Kwetu si saa sita hiyo? Mwenzangu anayesoma kwa Kiingereza hulazimika kupiga hesabu kila akutanapo na saa za Kirumi. Mimi nilipita moja kwa moja.

Mseminari wa Zamani: Miaka saba seminarini, na hilo la saa sita sikuwahi kuliona.