MREJESHO: Yule mpiga picha za matangazo aliyeishiwa hamu

Wakuu salama, mimi ndo yule niliyeuliza nifanyeje, kazi ya kupiga picha za bidhaa inanilisha vizuri tu ila hamu imekata, kila siku chupa za losheni kwenye bakgraundi nyeupe mpaka kamera naiona kama jembe.

Wengi mlisema niache, sasa kodi alipe nani? Aliyenisaidia ni mdau aliyesema nimcheki Irving Penn, mpiga picha Mmarekani, jamaa alipiga matangazo ya vipodozi vya Clinique miaka kibao na bado akawa anaweka vipisi vya sigara vilivyookotwa mtaani mbele ya kamera, anavipiga kwa umakini uleule, MoMA, jumba la makumbusho ya sanaa la New York, ikazitundika picha hizo ukutani 1975. Vipisi jamani!

Basi siku hizi nikimaliza picha za mteja sizimi taa, nabaki nacheza na bidhaa ileile. Juzi nimeondoa softiboksi (lile boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) ya mbele, nikaacha taa moja nyuma ya chupa na kadi nyeupe pembeni, losheni ikawaka kwa ndani na vile viputo ambavyo kwenye katalogi huwa navifuta vikaonekana vyote, nikabaki naangalia tu. Nimemtumia mteja bure, kimya, poa tu.

Ushauri wa kufungua akaunti ya "sanaa" nimeupita, laiki zinachosha kuliko kazi.

Halafu kuna fundi seremala alitaka picha za viti, nikamwomba nipige na mikono yake akipiga randa, kazipenda hizo kuliko viti. Kesho nina meza zake, mwenye mbinu ya kuua mng'ao wa vanishi bila filta ya polaraiza (kile kioo cha kukata mng'ao kinachofungwa kwenye lenzi) anishtue.