Naombeni ushauri: makaburi yetu Pemba yanavunjwa kwa ajili ya hadithi ya jini

Asalaam aleykum ndugu zangu. Kwetu ni Pemba, shamba, upande wa Chake Chake. Makaburi ya ukoo yapo chini ya mbuyu, na katikati lipo moja la kale la mawe na chokaa, aina ya yale ya mnara yaliyoko kwenye magofu ya Ras Mkumbuu. Tangu utotoni tunaambiwa usiku wa kuamkia Ijumaa hutoka pale jini, bibi mwenye kanga nyeupe, anaomba maji. Tulikuwa tukipita mbio, lakini hakuna aliyethubutu kugusa kitu.

Sasa vijana wanakuja usiku na vespa na simu, wanarikodi. Mwezi uliopita nimekwenda kumsomea baba Yasini, nikakuta shahidi la kaburi lake, ile alama ya kichwani, limevunjwa, nta ya mshumaa imegandia juu yake. Kwenye lile kaburi la kale, kibakuli cha kaure kilichopachikwa ukutani kimebanduliwa. Limebaki duara la chokaa tu. Wallahi nililia.

Ami yangu anataka tuukate mbuyu ili hadithi ife. Mimi sitaki, wapo majirani wanaofukiza ubani pale na hawajatudhuru. Nafikiria kuweka seng'enge na kwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa kwetu. Lakini tukiwaita watu wa Mambo ya Kale, wale wa serikali wanaotunza majengo ya zamani, tutaruhusiwa kuendelea kuzika? Aliyewahi kupitia haya, Unguja au Pemba, anielekeze nianzie wapi.

Na atakayekiona kibakuli kinauzwa: kina maua ya buluu, ukingo umemeguka kidogo.